Mlango wa Kompyuta ya Mama Limi

Jumatatu, 12 Mei

Matone ya macho saa kumi na mbili na robo. Tone moja kila jicho. Nilihesabu dakika tano, kisha nikamruhusu afumbue. Mke wangu, Mama Limi, analalamika kwamba namhesabia kama msimamizi wa mtihani. Nimesimamia mitihani miaka thelathini na minane. Sijui kuhesabu kwa namna nyingine.

Chai na michembe ya viazi. Upepo mkali. Pamba ya jirani imetapakaa uani kwetu kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa.

Baada ya chai Mama Limi alikwenda chumbani kukaa kwenye kompyuta. Kiendelezi, programu ndogo ya nyongeza aliyomtengenezea mkwe wetu, Mabula, kinafanya kazi vizuri. Kioo chote kinakuwa cheusi, unabaki mstari mmoja katikati, maandishi meupe. Akibonyeza, mstari unaofuata unapanda. Presha ya macho imemla pembeni. Sasa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Mstari mmoja unamtosha.

Anajiandaa kusoma somo la Pentekoste kanisani, tarehe 8 Juni. Somo hilo lina orodha ndefu ya majina ya mataifa. Pasaka alikwama mara tatu mbele ya watu wote. Katekista alimwambia, kwa upole, kwamba akikwama tena atampumzisha. Amekuwa msomaji tangu binti yetu Limi akinyonya. Hataki kupumzishwa.

Nilijitolea kumsomea ili akariri kwa kusikia. Alikataa. Anasema nikisoma namsahihisha mtafsiri. Ni kweli. Mtafsiri ana makosa.

Jumatano, 14 Mei

Niandike jinsi kiendelezi hicho kilivyoingia chumbani kwetu, maana jambo lenyewe linanikera.

Kwetu mkwe haingii chumbani mwa mama mkwe wake. Hampi mkono. Hali naye chakula. Mabula, ingawa ni kijana wa mashine, anaishika staha hiyo kuliko vijana wengi niwajuao. Kompyuta ya Mama Limi ipo chumbani kwa sababu sebuleni mwanga unamchoma macho. Basi Mabula atawekaje kitu ndani ya mashine asiyoruhusiwa kuikaribia? Na hata tukiitoa nje, mna barua za mama mkwe wake, mna habari za maradhi yake. Kuzisoma ni kuingia chumbani mara mbili.

Akapata njia. Aliweka kiendelezi kwenye tovuti moja ya viendelezi vya kompyuta za mfumo kama wetu. Mama Limi alifungua ukurasa kwa kivinjari, akaona kitufe, akabonyeza. Kikaingia. Mkwe yuko Nyalikungu, mama mkwe yuko Bariadi, hakuna aliyemwona mwenzake. Mama Limi alifurahi kama aliyejisukia ukili mwenyewe.

Mimi sikufurahi. Mashine iliuliza ruhusa, naye akairuhusu bila kusoma. Mimi nilisoma.

Jumapili, 18 Mei

Mabula na Limi wamekuja baada ya misa. Kuku, wali, mlenda. Wanaume barazani, Mama Limi ndani, mlango wazi, asionekane lakini akisikia kila neno.

Nilimtaka Mabula anieleze kwa nini kitu kinachotawala kioo chote cha kompyuta kipitie kwenye kivinjari. Nilisema kivinjari ni dirisha la kutazamia nje. Mtu haingizi kabati dirishani.

"Baba, ni kweli," alisema. "Ila kabati likipita mlangoni, lazima pawe na mtu ndani wa kulipokea. Naweza kukupa faili kwenye flashi. Halipiti kwa mtu yeyote. Lakini kila nikirekebisha kidogo, mtu aje akae kwenye kiti cha mama aliweke upya."

"Mimi nipo."

"Baba, printa ilikuchukua wiki nzima."

Limi, aliyekuwa akiondoa vyombo, alicheka mpaka akaweka sahani chini. Sikumlea hivyo.

Mabula akaendelea, tena kwa uaminifu, namsifu kwa hilo. Tovuti ina faida: huonyesha toleo linaloafiki mfumo wako tu, na kila toleo hukaguliwa na mtu kabla halijawekwa. Ina hasara pia. Kivinjari hakiruhusiwi kugusa kompyuta yenyewe, na ni vizuri kisiruhusiwe. Kwa hiyo unaweka kwanza kipande kimoja ndani ya kivinjari, na kipande kingine ndani ya kompyuta, kinachoitwa kiunganishi, ili hivyo viwili vipeane habari. Unaweka vitu viwili usivyovihitaji ili upate kimoja unachokihitaji. Na kupitia kiunganishi hicho tovuti inaweza kuuliza: wewe ni toleo gani? Una viendelezi vipi?

"Kama mgeni anayesimama langoni na kuuliza mna ng'ombe wangapi," nilisema.

Anajua. Kwetu hakuna mtu mstaarabu anayemwuliza mwenzake idadi ya ng'ombe.

"Ndiyo, Baba. Ni mgeni wa namna hiyo. Lakini ndiye anayeleta dawa."

Hapo sauti ikatoka chumbani: "Limi! Mwambie mume wako herufi azipunguze. Zimekuwa kama za kwenye ubavu wa lori. Naona silabi mbili, nyingine zimepita."

Mabula aliangalia chini. "Limi, mwambie mama nimesikia. Nilidhani kubwa ndiyo nzuri."

"Mwambie kubwa si nzuri. Mwambie asante, wabeja kwa kazi."

Limi hakuhitaji kumwambia mtu chochote. Wote tulikuwa hatua tano.

Jumanne, 20 Mei

Asubuhi Mabula alikuwa ameshaweka toleo lenye herufi ndogo kidogo. Mama Limi alibonyeza mwenyewe. Yakaingia maneno manne katika mstari badala ya moja na nusu. Akasoma orodha ya mataifa hadi nusu, akaniita nisikilize. Nilisikiliza. Alikuwa na sauti ile ya zamani.

Mchana alikwenda jumuiya. Nilibaki peke yangu na mashine.

Nilifungua orodha ya programu. Kiunganishi kilikuwepo. Nilisoma tena kile kinachoruhusiwa kufanya. Kuwasiliana na programu zilizo nje ya kivinjari. Nilifikiri: dawa imeshaletwa, herufi zimeshapunguzwa, mgeni anangoja nini langoni? Nikabonyeza Ondoa. Ikataka nenosiri. Ninalijua, nililitunga mimi. Kisha nikakiondoa na kile kipande cha ndani ya kivinjari.

Nikawasha kiendelezi. Mstari mmoja, mweupe, katikati. Kinafanya kazi bila mgeni. Nilijua.

Sikumwambia. Hakuna la kumwambia. Mtu hamwelezi mkewe kila komeo analofunga.

Ijumaa, 23 Mei

Kiendelezi kizima. Mama Limi amefika theluthi mbili ya majina. Ananikariria akikuna nazi. Nimejizuia kumsahihisha mara mbili. Mara ya tatu sikuweza.

Jumatatu, 26 Mei

Vibaya.

Mashine ilijisasisha yenyewe jana. Leo imewaka na sura mpya: vibonyezo vimehama, rangi nyingine. Mstari mmoja haupo. Ukurasa umejaa maandishi madogo kama siafu. Mama Limi alikaribia kioo hadi pua ikagusa. Akahama kushoto, akahama kulia, akitafuta mwanzo wa mstari, akaupoteza. Aliita jina langu. Si "Baba Limi." Jina langu.

Nilimpigia Mabula simu. Hakushangaa. Anasema mfumo ukipanda toleo, viendelezi vya zamani huzimwa mpaka mtengenezaji athibitishe kwamba vinaafiki. Ni sheria ya makusudi; kiendelezi kibovu kinaweza kuangusha mfumo wote. Anasema kazi ya siku mbili, kisha wakaguzi wa tovuti, kisha mama atabonyeza kitufe kama kawaida.

Kama kawaida.

Nilisema vizuri. Nikakata simu. Nilikaa uani muda mrefu.

Jumatano, 28 Mei

Mabula amemaliza. Amepeleka toleo jipya kwa wakaguzi. Wanajitolea tu, wako nchi mbalimbali, wanasoma kazi ya watu kwa zamu. Hawana haraka ya Pentekoste.

Nilimwuliza, kwa sauti ya kawaida, kama lile faili la flashi halingefaa. Akasema lingefaa, lakini ukaguzi ukipita mama atabonyeza tu, hakuna haja ya kumsumbua mtu. Anamlinda mama mkwe wake asisumbuliwe. Nami nilishindwa kusema neno moja lililobaki.

Ijumaa, 30 Mei

Katekista alipita jioni. Mtu mwema, viatu vimejaa vumbi, alikuwa anatoka kwa wagonjwa.

"Mwadila, Mwalimu. Mwadila, mayu," alitusalimu, mimi na mke wangu.

Aliketi, akanywa maji, akauliza habari za macho. Kisha akasema: "Mayu, kuna binti wa kidato cha tano anaweza kusoma tarehe nane. Si kwamba nakunyang'anya. Nakuuliza tu."

Mama Limi alisema: "Hayo majina asome mwingine, nami nipo? Niache mpaka Jumamosi ya tarehe saba. Nikishindwa nitakutumia ujumbe mwenyewe."

"Utaandikaje, na macho hayo?"

"Nitamtuma huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Yeye anaona."

Walicheka wote wawili. Nami nilicheka. Ni moja ya mambo mabaya niliyowahi kufanya kwa mdomo wangu.

Jumamosi, 31 Mei

Wakaguzi wamepitisha. Mabula alipiga simu saa tatu, furaha tupu. Mama Limi aliharakisha chumbani, mimi nyuma yake. Nilimfungulia ukurasa. Jina la kiendelezi lipo. Picha ipo. Kitufe hakipo.

Kilichokuwepo ni sentensi moja ya kijivu: kompyuta hii haijibu.

"Nisomee," alisema.

Nilimsomea.

"Haijibu kwa nini?"

Nilisema sijui.

Nimeandika nikaangalia nilichoandika. Nilisema sijui. Nina umri wa miaka sabini na moja.

Jumapili, 1 Juni

Misa. Sikukomunika. Mama Limi aliliona hilo. Haoni pembeni, lakini hilo aliliona.

Jumatatu, 2 Juni

Alasiri nilimsomea somo kwa sauti kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Mstari kwa mstari, aniige. Sikusahihisha chochote. Aliiga vizuri mistari minne, akapoteza wa tano. "Sauti yako inanipita," alisema. "Nikiona neno linakaa. Nikisikia linaondoka." Akasema basi, inatosha, akaingia jikoni.

Limi alipiga simu jioni. Mabula hali vizuri. Anadhani kosa ni lake. Amepitia kazi yake mara tatu, amejaribu kwenye mashine nne tofauti, kote inakubali. Anasema pengine njia nzima ya kupitia kivinjari aliichagua vibaya: vipande vingi mno, na kimoja kikikatika, mtumiaji haambiwi ni kipi. Anataka kuja Jumatano. Amewauliza wazee wa upande wao kama anaweza kuombewa ruhusa aingie chumbani, mara moja, kwa ajili ya ugonjwa.

Nilimweleza Mama Limi.

Aliketi kitandani. Baadaye nikaona anafuta macho, nikadhani ni matone, nikakumbuka kwamba si saa ya matone.

"Nimefika hapo," alisema. "Mkwe aingizwe chumbani kwangu kama kwa maiti."

Jumanne, 3 Juni

Nimemwambia.

Asubuhi, baada ya matone, wakati amefumba macho zile dakika tano. Nakiri kwamba nilichagua wakati ambao hawezi kunitazama. Nilisema: Ni mimi. Nilikiondoa kiunganishi. Nilidhani nafunga mlango usiohitajika. Kompyuta haijibu kwa sababu niliikata ulimi.

Hakufumbua.

"Lini?"

"Jumanne ile ulipokwenda jumuiya."

Akahesabu. "Wiki mbili."

"Wiki mbili."

"Na Jumamosi niliuliza."

"Uliuliza."

Kuku walikuwa wanalia uani, hawajafunguliwa. Dakika tano zilipita, sikuzihesabu.

"Siku ile mlikaa barazani," alisema, "wewe na mkwe. Mkabishana wee, madirisha, makabati, ng'ombe. Mlango mnaobishania ni wangu. Mimi nipo ndani nasikia. Kuna mmoja wenu aliyesema, tumwulize mwenyewe?"

Hakuna. Nilisema hakuna.

"Ningekuwa mwanafunzi wako, ungenifanya nini?"

"Ningekuchapa."

"Kwa kosa, au kwa kuficha?"

"Kwa kuficha."

"Haya." Akafumbua macho. Yalikuwa mekundu kwa dawa. Akaamka kwenda kufungua kuku. Mlangoni akageuka. "Na mkwe utamwambia wewe. Si Limi. Wewe."

Baba mkwe hamwombi radhi mkwe. Sijaona. Sina mfano wa kuiga.

Nilimpigia saa nne. Nilitayarisha sentensi tatu. Nilipomaliza ya kwanza alisema, "Baba, asante, wabeja, asante sana," kama niliyemwondolea mzigo kichwani. Alicheka. Kisha akasema jambo ambalo silisahau: "Na mimi nilikosea. Nilitengeneza kitu kinachoweza kuvunjika bila kumwambia mtu kimevunjika wapi. Kingeandika tu: kiunganishi hakipo. Mama angekuuliza siku ileile."

Angeniuliza siku ileile. Ndiyo.

Jumatano, 4 Juni

Mabula hakuja. Hakukuwa na haja ya kuja. Simu iliwekwa juu ya meza, sauti wazi. Mimi kwenye kiti, Mama Limi kitandani, Nyalikungu wako Limi na mumewe.

Mabula alieleza njia mbili. Ya kwanza: turudishe kiunganishi, mama abonyeze kama zamani. Ya pili: ndani ya mfumo mpya mna programu ya kusimamia viendelezi isiyohitaji kivinjari; atanitumia faili, mimi niliweke, yaishe. Bila tovuti. Bila mgeni langoni.

Moyo wangu ulikwenda kwenye ya pili. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Nikasema: "Tumwulize mwenyewe."

Kisha Mama Limi akasema: "Limi, mwulize mume wako. Hiyo ya pili, akirekebisha kitu, nani anaweka?"

"Limi, mwambie mama, Baba anaweka."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Mwambie nachukua ya kwanza."

Nilisema, kwa adabu, kwamba tovuti itakuwa inauliza yaliyomo. Alisema anajua, alisikia habari za ng'ombe. "Aulize. Mimi nikitaka kumjibu nitamjibu. Hicho kipande cha kwenye kivinjari hakizimiki na kuwashwa?"

"Kinazimika, Mama," Mabula alisema moja kwa moja. Akashtuka. "Limi, mwambie mama kinazimika."

Limi alikuwa anacheka hata hawezi kusema. Mama Limi alijifunika uso kwa khanga. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Basi," alisema alipotulia. "Nikitaka dawa nafungua. Nikipata nafunga. Lakini nafungua mimi, nafunga mimi. Siku itakuja sitaona hata huo mstari mmoja, mtanifanyia kila kitu, sitakataa. Kabla ya siku hiyo niacheni nibonyeze."

Nikavuta kibodi karibu.

Kurudisha kiunganishi kulihitaji amri ya kuandikwa katika dirisha jeusi. Mabula aliisoma herufi kwa herufi. Nukta, kistari, nafasi. Niliandika. Nikaisoma tena kabla ya kubonyeza. Ilikubali mara ya kwanza. Mabula alisema vijana wake ofisini hukosea mara tatu. Nilifurahi, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Nikakirudisha na kile kipande cha ndani ya kivinjari, kisha nilimpisha kiti.

Ukurasa. Jina. Picha. Kitufe kilikuwepo, cha rangi ya samawati. Alikizungusha kipanya kama anayepapasa sindano sakafuni. Nilijua kilipo. Mkono wangu ulitaka kwenda. Niliukalia.

Alikipata.

Alhamisi, 5 Juni

Mstari mmoja umerudi. Majina yote isipokuwa mawili.

Amezima kile kipande cha kivinjari. Nilimwona akifanya. Alihakikisha naona.

Jumamosi, 7 Juni

Hakutuma ujumbe kwa katekista. Amepiga pasi gauni la kitenge, akapiga pasi na shati langu, ingawa nilikuwa nimeshalipiga.

Nina hofu. Nimejaribu kuitafutia neno lingine, hakuna.

Jumapili, 8 Juni

Kanisa limejaa hadi nje. Wanakwaya wekundu. Limi alikuja kukaa nasi peke yake. Mabula alikaa safu ya nyuma kabisa, ili asimkabili mama mkwe wake akisoma.

Alikwenda mbele mwenyewe, mkono mmoja ukigusa pembe za mabenchi. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake kwa heshima tu. Macho aliyainua, akasoma mbele ya kichwa chake, mahali ambapo mstari mweupe huwa.

Alianza vizuri. Upepo, sauti, nyumba nzima. Akaingia kwenye mataifa. La kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa nayahesabu kwa vidole chini ya kofia.

Katikati akasimama.

Jina la tisa. Nalijua. Lilikuwa kwenye ulimi wangu. Kanisa zima lilikuwa kimya; mtoto mmoja alikohoa. Katekista alikuwa amesimama ukutani, ameshika daftari lake kifuani. Nilikuwa benchi la pili: ningelitamka kwa pumzi tu, lingemfikia. Miaka yote ya kazi yangu nimewatamkia watu jina la tisa.

Nilifunga mdomo.

Ilikuwa kama pumzi mbili. Tatu. Kisha kichwa chake kikasogea kidogo juu, kama mtu anayebonyeza mstari unaofuata. Akalitamka. Akaendelea hadi mwisho. Hakuharakisha.

Aliporudi kuketi mikono yake ilikuwa ya baridi. Niliishika. Kwetu watu wa rika letu hawashikani mikono kanisani. Niliishika hadi matoleo.

Nje katekista alimpa mkono. Hakusifu, si mtu wa kusifu. Alisema: "Mayu, Julai nimekuweka Jumapili ya pili. Kuna majina machache." Mama Limi akamjibu kwamba machache hayana utamu.

Mabula alisimama mbali, karibu na pikipiki zilizoegeshwa, akamwinamia kwa heshima kutoka hapo hapo. Naye alimwitikia kwa kuinamisha kichwa kuelekea upande alikodhani yupo. Alikuwa upande mwingine. Limi akamgeuza taratibu kwa mabega.

Jumatatu, 9 Juni

Hakuna upepo leo. Nimechambua mchele barazani, kilo mbili, nimetoa mawe saba.

Mama Limi yuko chumbani tangu chai. Mlango ameurudishia. Anasoma; nasikia kitufe, kimya, kitufe, kimya. Sijui anasoma nini.

Sasa hivi amecheka peke yake. Kicheko kirefu, cha mtu aliyefikia mahali pazuri.

Sikuuliza.